Msimsahihishe Mtoto Kabla Hajajaza Kibaba

Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa mmoja, nao ni ugonjwa wa masikio. Akija mtu wa bara akatwambia, "Kitabu yangu imepotea," hatumwulizi ni kitabu gani wala kimepotelea wapi. Tunacheka kwanza, kisha tunamsahihisha, na kitabu chake tunakisahau. Mimi mwenyewe nimeugua ugonjwa huu tangu utotoni, na kwa kuwa kazi yangu ni kutunga mashairi na kuandika magazetini, nilidhani si ugonjwa bali ni ulinzi wa lugha. Aliyeniponya si tabibu wala profesa. Ni mjukuu wangu wa Nakuru, ambaye siku niliyofika kwao alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi mitano.

Binti yangu ameolewa huko. Mumewe ni kijana wa Kiislamu, mzaliwa wa mtaa wa Bondeni, na mamake huyo mume ni Mkikuyu aliyesilimu alipoolewa. Basi nyumba ile ina lugha tatu chini ya paa moja. Binti yangu na mumewe husema Kiswahili. Nyanya wa mtoto humsemesha mjukuu wake Kikuyu, naye humwita cucu. Kiingereza huletwa na televisheni, na shule ya watoto wadogo anakopelekwa kila asubuhi. Ukitoka nje ya mlango utaikuta na ya nne, ile Sheng ya makondakta wa matatu, ambayo haimngoji mtu kumwalika ndani.

Nilikwenda mwezi wa Julai. Nilipanda basi la usiku kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha matatu ya kuteremka Bonde la Ufa, tukaipita Naivasha, tukaipita Gilgil, mpaka Nakuru ilipojitokeza chini ya mlima Menengai. Mji huo, ambao reli ya Uganda iliufikia mwaka 1900 na ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2021, una baridi ya asubuhi isiyomjali mgeni. Nilivaa koti juu ya kanzu na bado nikatetemeka.

Mjukuu wangu alinipokea kwa furaha. Asubuhi ya kwanza alinijia na mguu mmoja mtupu, akasema, "Babu, kiatu imepotea." Nikamwambia, "Si imepotea, mke wangu. Sema, kiatu kimepotea." Akanitazama. Nikamkatia vipande: ki, me, po, tea. Akanitazama tena, kisha akageuka akaenda kumtafuta cucu wake. Kiatu alikipata yeye, chini ya kiti nilichokalia mimi.

Siku ya pili ikawa vile vile. "Vikombe zimevunjika." Nikamwambia, vimevunjika. "Mkono yangu inauma." Nikamwambia, mkono wangu unauma. Kufika siku ya tatu nilitambua jambo. Nilipokuwa msikitini mtoto alikuwa akisema na nyumba nzima, lakini nilipobisha hodi alinyamaza. Binti yangu, kwa adabu zote za mtoto kwa mzazi, akaniambia, "Baba, unamkaushia mtoto maneno." Nikamjibu kwa methali kwamba samaki mkunje angali mbichi. Hakunijibu, lakini uso wake ulinijibu.

Na kumbe sikuwa peke yangu katika makosa hayo. Mwalimu mmoja wa ile shule ya watoto alikuwa amewaambia wazazi kwamba mtoto anachanganya lugha na sentensi zake ni fupi, na dawa ni kuacha Kiswahili na Kikuyu nyumbani, asemeshwe Kiingereza peke yake. Mkwe wangu alikwisha kuanza kutii. Yule nyanya maskini, ambaye Kiingereza chake ni cha kununulia sukari, alikuwa akimpa mjukuu wake uji bila ya kusema neno, kwa kuogopa kumharibia masomo. Basi mtoto alikuwa kati ya babu anayemsahihisha na shule inayomkataza, na kila mmoja wetu alisema anafanya hivyo kwa mapenzi.

Hapo ndipo nilipoona ni wajibu wangu kutafuta. Maadamu nimejipa uhodari wa kumsahihisha mtoto, na nijue kwanza sarufi humwingia mtoto kwa njia gani. Nilisoma na kuuliza, na niliyoyapata nakupa wewe, msomaji, kwani huenda nawe una mjukuu bara, au una mtoto papa hapa Mombasa, Lamu au Malindi ambaye unamkunja kama nilivyomkunja wangu.

Jambo la kwanza ni kwamba maneno hutangulia, na sarufi huyafuata. Mtoto aghalabu hutoa neno lake la kwanza karibu na mwaka mmoja, kisha kwa miezi kadhaa hukusanya moja moja, mama, maji, paka, basi. Anapofikia kama maneno 50 ndipo huanza kuyaunga mawili mawili, na aghalabu huwa ni baina ya miezi 18 na miaka miwili. Viambishi na viungo vya sentensi hushamiri baadaye, maneno yakiwa yamekwisha kuwa mia kadhaa.

Bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, marehemu Elizabeth Bates, alitoa sehemu kubwa ya umri wake katika jambo hili. Mwaka 1988 yeye na wenzake wawili, Inge Bretherton na Lynn Snyder, walitoa kitabu juu ya watoto waliofuatiliwa tangu neno la kwanza hadi sentensi. Walichokigundua ni hiki: ukitaka kujua mtoto atatunga sentensi za urefu gani akiwa na miezi 28, mtazame akiwa na miezi 20 uhesabu maneno aliyo nayo. Wingi wa maneno ya leo ndio unaoagua sarufi ya kesho. Kisha mwaka 1994 ikachapishwa taarifa ya Larry Fenson na wenzake, Bates akiwa mmoja wao, juu ya watoto 1,803 ambao wazazi wao walipewa orodha ndefu ya maneno watie alama yale mtoto ayasemayo. Mambo mawili yalidhihiri. La kwanza, watoto hawalingani hata kidogo: katika miaka miwili wako wasiofikisha maneno 100 na wako waliopita 500, na wote ni wazima. La pili, sarufi ya mtoto ilifuatana na ukubwa wa ghala lake la maneno kuliko umri wake. Wawili waliozaliwa siku moja waweza kuachana mbali kwa sarufi, ikiwa maghala yao yameachana.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiri pamoja nami. Mtoto anayejua neno kiti peke yake hana njia ya kujua kwamba ki ni kipande na ti ni kipande. Kwake ni sauti moja ya kitu kimoja. Mwongezee viti. Mwongezee kisu na visu, kijiko na vijiko, kikombe na vikombe. Sasa anacho cha kulinganisha, na akili yake, bila ya kuambiwa na mtu, huona kwamba kuna mlango unaofunguka kwa ki na kufunguka tena kwa vi. Kanuni haionekani katika mfano mmoja, kama vile vina havisikiki katika mshororo mmoja. Ni haba na haba, na kibaba kikijaa ndipo sarufi inapoanza.

Kwa Waingereza ushahidi wa jambo hili ni wa ajabu kidogo. Mtoto wao husema kitendo cha kwenda katika wakati uliopita kwa usahihi kabisa hapo mwanzo, kwa sababu amelimeza neno zima kama alivyolisikia. Kisha vitenzi vikimzidia, anagundua kile kiishio cha wakati uliopita, na ghafula huanza kukibandika hata mahali pasipostahili. Mzazi husema mtoto amerudi nyuma. Hakurudi nyuma. Ameivumbua kanuni, na kosa lake ndilo cheti chake.

Niliposoma hayo nilikumbuka jambo lililotokea jikoni siku yangu ya pili kule Nakuru. Binti yangu alimwambia mtoto amletee sahani. Mtoto akaziendea zile sahani kubwa za wali, akazishika mbili kifuani, akaja akisema, "Mama, visahani!" Mimi nilicheka, nikamwambia visahani ni vile vidogo vya chini ya vikombe. Sasa nauma kidole. Mtoto yule aliishi katika jiko la vikombe, vijiko, visu na viti. Alikwisha kuona kwamba vyombo vikiwa vingi huanza na vi, naye akaipa na sahani haki yake. Hakuna mtu aliyemwambia visahani kwa sahani kubwa. Alilitengeneza neno hilo mwenyewe kwa kanuni aliyoitoa katika ghala lake. Mbele yangu sarufi ilizaliwa, nami mshairi nikaicheka.

Na mambo haya mimi nilipaswa kuyajua zamani, kwani yalinipitia mwenyewe chuoni. Nikiwa na miaka saba nilikuwa nimehifadhi sehemu kubwa ya Juzuu Amma, nikiisoma kwa tajwidi bila ya kukwama, lakini mtu wa Hadhramaut aliyekuwa na duka karibu nasi akinisemesha Kiarabu sikuweza hata kumwomba maji. Wala sisemi kuhifadhi ni kazi bure. Kuhifadhi Kitabu cha Mwenyezi Mungu kuna thawabu zake na mahali pake. Nasema tu kwamba nilichokuwa nacho kifuani kilikuwa ni misururu ya sauti, si maneno ambayo naweza kuyatenga nikayatumia. Miaka baadaye tulipoanzishwa nahau, pamoja na wale Zaidi na Amri ambao hawajakwisha kupigana katika mifano ya walimu, waliopanda haraka ni wale ambao kwao Kiarabu kilisemwa mezani, wanajua mlango, mkate, amekwenda, amekuja. Kwao iirabu ilikuwa ni jina la kitu walichokwisha kukiona. Kwetu sisi wengine ilikuwa ni kamba isiyo na ng'ombe.

Tena sura ya Bakara inatueleza kwamba Mwenyezi Mungu alimfundisha Adamu, amani iwe juu yake, majina yote. Mafundisho yale yalianza kwa majina. Mimi si mfasiri wa Kurani na sitaki kuivuta aya ikabebe mzigo wa utafiti wa watu, lakini Mwislamu akiambiwa kwamba mtoto huanza kwa majina ya vitu, si habari itakayomshtua.

Uadilifu unanitaka niseme kwamba wanavyuoni wa lugha hawakukubaliana wote. Noam Chomsky, naye wa Marekani, tangu miaka ya 1950 na 1960 ameshikilia kwamba binadamu huzaliwa na kipawa cha sarufi tayari, na mtoto husubiri tu kusikia ni lugha gani inayosemwa pale alipo. Bates na wenzake walimjibu kwamba kama sarufi ingekuwa chumba mbali na maneno chumba mbali, visingefuatana hivyo kama kanda mbili za mguu mmoja. Mabishano hayo hayajaisha. Lakini hata anayemfuata Chomsky hawezi kukataa kwamba mtoto asiyesemeshwa hapati lugha, na anayesemeshwa kwa uchache hupata chache.

Wala njia hii si ya upande mmoja. Sarufi ikishapatikana, hulipa deni lake kwa maneno. Nikimwambia mtoto, "Jana nilimwona kozi," naye hajapata kulisikia neno kozi, ile mw iliyomo ndani ya kitenzi inamnong'oneza kwamba kozi ni kiumbe chenye uhai, si jiwe wala kikapu. Maneno huileta sarufi, na sarufi huyaita maneno mengine.

Sasa natuje kwenye lugha zetu. Katherine Demuth aliwasikiliza watoto wa Lesotho, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiswahili kwa ngeli zake, na katika maandishi yake ya mwaka 1992 alionyesha kwamba hapo mwanzo mtoto huviacha viambishi, kisha huvipata kidogo kidogo, hata anapokaribia miaka mitatu ngeli nyingi zimekwisha kukaa mahali pake. Naye Kamil Ud Deen aliwachunguza watoto wanne wa Nairobi wasemao Kiswahili, akatoa kitabu mwaka 2005. Aliona kwamba mtoto huacha kiambishi cha mtenda, au cha wakati, au vyote viwili, akasema mathalan "meanguka" badala ya "imeanguka," lakini ile irabu ya mwisho wa kitenzi haiachi. Mtoto haachi ovyo ovyo. Hata upungufu wake una utaratibu.

Na la karibu yetu zaidi ni la Kilifi. Huko, Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha za maneno ya watoto wachanga kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, na habari zake zikachapishwa mwaka 2015. Kwa kuwa wazazi wengi hawakuwa wasomi, hawakupewa karatasi wazijaze. Waliulizwa kwa mdomo, neno kwa neno, na ikaonekana kwamba mama asiyejua kusoma aweza kutoa habari za kutegemewa juu ya maneno ya mwanawe.

Hilo ndilo lililonipa shauri. Siku ya nne nilinunua daftari la kurasa themanini, nikapiga mistari nikapata safu tatu, Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza. Binti yangu, mkwe wangu na yule nyanya nikawaketisha kitako baada ya Isha, nikawauliza mmoja mmoja: mtoto anasema neno gani, na analisemea nini? Tulifanya hivyo usiku tatu. Nyanya, ambaye mwanzo aliona haya, ndiye aliyekuwa na kumbukumbu kali kuliko sote. Ndiye aliyetueleza kwamba mtoto akitaka maziwa kwake husema iria, na akiyataka kwa mama yake husema maziwa, wala hakosei mlango.

Hesabu haikuwa ya kitaalamu, lakini ilitufumbua macho. Safu ya Kiswahili ilikuwa imepita mia mbili. Ya Kikuyu ilikuwa kama sitini. Ya Kiingereza haikufika arobaini, na karibu yote yalikuwa ni majina ya rangi, ya wanyama, na namba za kuhesabu. Kisha nikauliza swali la pili: katika kila lugha, huunga maneno mangapi? Katika Kiswahili, matatu na manne, tena na viambishi. Katika Kikuyu, mawili. Katika Kiingereza hakuunga hata mara moja. Alikuwa akitaja tu kama anayesoma bango.

Na hivi ndivyo ilivyoandikwa. Mwaka 2004 Virginia Marchman na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa Marekani wanaokua na Kihispania na Kiingereza pamoja. Waligundua kwamba sarufi ya Kihispania ya mtoto ilifuata maneno yake ya Kihispania, na sarufi ya Kiingereza ikafuata maneno yake ya Kiingereza. Kila lugha huijenga sarufi yake kwa matofali yake yenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 1993, watafiti wa Miami walionyesha kwamba ukiyahesabu pamoja maneno ya mtoto wa lugha mbili, hayupo nyuma ya mwenziwe wa lugha moja. Anayeonekana maskini ni yule unayemhesabia mfuko mmoja ukausahau wa pili.

Basi ile dawa ya shule ilikuwa ni kumwambia mtoto avunje nyumba yenye kuta na dirisha, akaanze upya kwenye kiwanja chenye matofali arobaini. Na wa kumletea matofali mengine ni nani? Nyanya asiyejua Kiingereza? Mtoto angepata Kiingereza cha rangi na wanyama, angepoteza Kikuyu cha cucu wake, na Kiswahili chake kingesimama pale pale. Halafu mwaka wa pili tungeambiwa kwamba ni mzito.

Mkwe wangu alikwenda shuleni na lile daftari. Nashukuru kwamba mwalimu hakulipuuza. Alilisoma, akasema yeye alikuwa akihesabu safu moja tu. Wala tusimlaumu sana, kwani wazazi wengi ndio wanaoidai shule Kiingereza, na shule hutoa kinacholipiwa. Lakini tukumbuke kwamba tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 taifa hili limeshauriwa kuwaanzisha watoto wadogo katika lugha ya mahali walipo, na katika miji iliyochanganyika kama Nakuru lugha hiyo ni Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hakuna sheria inayomtaka nyanya anyamaze.

Ilibaki dhambi yangu mimi, ile ya "kiatu imepotea." Nilijiuliza, je, mtoto amekosea? Nikaanza kusikiliza mji. Sokoni, mama wa viazi akasema, "Viazi imeisha." Kwenye matatu, kondakta akasema, "Kiti iko nyuma." Mtoto yule hakukosea hata kidogo. Alikuwa ameishika barabara sarufi ya mji wake, na aliyekuwa mgeni wa lugha ni mimi.

Na sarufi hiyo ya bara ina asili yake. Kiswahili kilipanda Bonde la Ufa kwa misafara, kwa askari na kwa reli, kikashukia katika mashamba ya walowezi wa Njoro, Molo na Naivasha, ambako bwana alimpigia mfanyakazi kelele kwa kile walichokiita Kisetla, yaani Kiswahili cha amri: leta, toa, ngoja, fanya upesi. Bwana hakuwa na maneno ya kutosha, na mfanyakazi kutoka kabila jingine naye ndiyo kwanza anajifunza. Mimi naona kwamba kanuni ile ile ya mtoto ndiyo iliyofanya kazi kwa watu wazima: lugha ya maneno machache huwa na sarufi chache. Watoto wa watu hao wakakipokea walichokisikia, wakakifanya lugha ya nyumbani, ya mapenzi na ya mzaha, na leo ina watu wake. Hatuwezi kuwacheka kwa urithi ambao hawakuuchagua.

Je, nisimfundishe mjukuu wangu Kiswahili cha pwani? Nitamfundisha, tena kwa wivu. Lakini nimebadili njia. Sikumkatia tena vipande. Nilimchukua sokoni nikamwachia kikapu, tukachagua viazi vikubwa, tukarudisha viazi vidogo, tukanunua kitunguu kimoja, kisha vitunguu vitatu. Nikamwonyesha reli, ziwa, na korongo. Nikamsimulia hadithi za Abunuwasi. Kila nilipotaka kusahihisha, nilimeza, nikamjibu kwa sentensi iliyo sawa, tukaendelea na safari. Nilikuwa namjazia ghala, na kuvipanga vilivyomo nikamwachia yeye.

Neno moja la tahadhari kwa wazazi. Mtoto akitimiza miaka miwili naye hajafikisha maneno 50 kwa kuyajumlisha ya lugha zake zote, wala haungi maneno mawili, msingoje wala msiseme ni uzito wa kurithi. Mpelekeni hospitali apimwe masikio kwanza, kwani mtoto asiyesikia vizuri hana pa kuyapata hayo maneno. Wengine watakuwa wazima na watawafikia wenzao, lakini kupimwa hakudhuru.

Na wale walio wazima dawa yao haiuzwi dukani. Ni kusemeshwa. Mama anayesema na mwanawe huku akipepeta mchele, baba anayemtajia majina ya samaki, nyanya anayemwita kwa Kikuyu au kwa Kigiriama bila ya kuona haya, hao ndio walimu wa sarufi, ijapokuwa hawajui nomino ni nini. Kila mmoja na aseme lugha anayoiweza vizuri, kwani ndiyo aliyo na maneno yake mengi ya kutoa.

Nilikaa Nakuru wiki tatu. Yule nyanya alirudi kusema. Asubuhi alimpa mjukuu wake uji kwa maneno mengi hata uji ukapoa. Siku ya kuondoka, alfajiri, nilikuwa nimefunga mkoba nikitafuta viatu vyangu gizani. Mtoto aliamka, akaja mpaka mlangoni akiburuta shuka, akaniuliza, "Babu, viatu vyako ziko wapi?"

Vyako ilikuwa ni ya pwani, na ziko ilikuwa ni ya Nakuru. Ulimi wangu uliwasha, nikauzuia.

"Viko hapa mlangoni, mke wangu," nikamjibu. "Haya, nipe kimoja, kisha nipe cha pili."